Nilivyouza Flipper Baraka kwa Simu

Siku yangu ya kwanza kazini, Patron, bosi wangu, alinipokea kwenye dépôt yake, ghala lililo karibu na bandari ya Baraka, akanipa simu. Aliuliza mambo mengi. Nilijibu kwa kichwa.

"We hausemake?"

"Kidogo, Patron."

"Njo mutu nilikuwa natafuta. Basemaji banaharibu bei."

Tuliuza flipper zilizotumika. Flipper ni sanduku refu la mchezo lenye kioo juu. Ndani mna mpira wa chuma, na mchezaji huurudisha kwa vibawa viwili akibonyeza vitufe vya ubavuni. Zilitoka kwenye baa zilizofungwa Bujumbura. Mimi nilizipiga picha na kuziweka kwenye makundi ya mtandaoni ya kuuza na kununua. Kioo tulikitoa kwanza, kwa sababu kinarudisha jua na kuficha mikwaruzo. Picha ya kwanza ilikuwa ya kasoro. "Mutu akiona kidonda mapema, hatasema umemudanganya," alisema Patron.

Kwa mnada, niliandika bei ya kuanzia, watu wakaipandisha kwa kuandika chini ya picha mpaka Patron aandike "Imefunga." Baada ya hapo hata ndugu yake hakuongeza.

Alinituma Fizi kutafuta wanunuzi wenye umeme wa sola wa kuziwashia. Mtandao wa kule ulikuwa dhaifu: picha moja ilipanda huku muhogo unaiva jikoni. Nikarudishwa Baraka kusimamia makundi yote, na bado sikuhitaji kufungua kinywa. Niliipenda kazi hiyo.

Kisha Mama Riziki wa Nundu, mwenye buvette, kibanda cha vinywaji, akashinda mnada. Flipper ilipofika kwake, kundi zima lilipokea ujumbe wake wa sauti:

"Nyiye batu ba Baraka, mumeniuzia maiti! Inawaka, vijana banacheza kidogo, inakufa!"

"Bezi hao!" mmoja akaandika. Wengine wakacheka. Waliokuwa karibu kununua wakajiondoa. Patron alikuwa safarini ziwani, simu yake haipatikani. Niliandika maelezo marefu, polepole. Mama akajibu kwa sauti:

"Mi sisomake. Sema! Ama uko bubu?"

Jina la dépôt lilikuwa linaanguka mbele ya wanunuzi wetu wote. Nikaingia nyuma ya masanduku, nikashika kitufe cha sauti.

"Jambo, Mama. Vijana banaitikisa?"

"Banaitikisa sana! Redio ikinyamaza, si njo tunafanyaka?"

"Njo shida, Mama. Ndani iko kachuma kananing'inia. Mukitikisa sana kanagusa, vibawa vinalala, ili batu basiibe mchezo. Haikufa, imekasirika. Muache mpira ushuke, muanze tena polepole."

Zikaja kengele za mashine, na kelele za vijana.

"Inaamuka! We Amisi, toka hapo na mateke yako!"

Kuanzia siku hiyo sauti za wanunuzi zilitujia kutoka Lubondja na Kilembwe, nami nikazijibu kwa sauti. Wengi niliodhani hawataki kununua, kumbe hawakuweza kusoma nilichoandika. Nyinyi mnaoanza kazi ya kuuza kwa simu, pigeni picha safi, lakini semeni pia.

Flipper za Bujumbura zimeisha, nami nimeiacha kazi hiyo ningali kijana. Nalima muhogo na kaka yangu, na moyo umetulia. Niliaga makundi yote kwa sauti. Mama Riziki alijibu wa kwanza:

"Enda muzuri, mutoto. Huku tulikuwa tunazima jenereta tukusikie."