Karatasi ya Mashine ya Kumenya Kahawa

Baba alinifundisha kukamua ndizi za pombe kule Kaisho kabla sijajua kusoma. Naoshwa miguu, naingia kwenye mtumbwi wa kukamulia, nakanyaga ndizi na nyasi. Nikiuliza nikanyage mpaka lini, anasema, "Mpaka ikubali." Ikikubali inakuwaje, hasemi. Alikuwa mkali yule mzee, ila hayo tuyaache.

Nimeyakumbuka kwa sababu ya kikundi chetu cha wakulima hapa Nyabiyonza. Tulipata mashine ya kumenya kahawa, ya kuzungusha kwa mkono, haina hata karatasi ya maelezo. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka. Wakasema, mzee ataandika. Na mpaka watu waweze kuiendesha kwa kusoma, mzee akae nayo kila siku awaelekeze.

Nikaandika mistari sita, nikabandika ukutani. Mmoja ulisema: kaza skrubu vizuri. Nikawasomea.

"Tumeelewa, mzee."

Kesho yake nikachelewa kidogo, nikakuta wamekaza mno, wamepasua punje za debe zima. Nikaandika upya, herufi kubwa. "Tumeelewa, mzee." Wakapasua tena. Kwetu huwezi kumwambia mwenye mvi kwamba maneno yake hayaeleweki. Basi nikakaa pale kwenye kigoda mpaka wiki ya tatu, mgongo unaniuma, na kahawa yangu mwenyewe inaiva na kudondoka chini, hakuna wa kuichuma.

Mjane wa kaka yangu ndiye anayeweza kunitania. Akaja na ndoo yake, akasoma ukuta, akacheka.

"Shemeji, vizuri ndiyo kiasi gani? Ungetuandikia dawa tungekufa wote, tena kwa adabu."

Kusema kweli nilikuwa sijui. Mkono ulikuwa unakaza wenyewe.

"Haya, kaza nikuone," akasema. "Polepole. Umekaza mpaka mwisho, umelegeza nusu mzunguko. Umetia kahawa kiganja kimoja. Unatazama nini?"

"Kama punje imepasuka."

"Andika hilo. Na isipopasuka?"

"Natazama kama imetoka na ganda lake. Ikiwa nalo, nakaza robo."

"Na hilo uliwaficha kwa nini?"

Sikuwa nimewaficha. Nilidhani kila mtu anatazama.

Tukaandika upya. Siku iliyofuata akamleta dada yake wa Ihanda, ambaye hajawahi kuiona mashine ile. Nikageukia ukuta wa pili nisije nikamsaidia kwa macho.

"Mzee, nikaze tena?"

Nikauma ulimi. Nikasikia anasoma kwa sauti ya chini, kisha mkono wa mashine ukazunguka. Nilipogeuka, punje zilikuwa nzima, nyeupe, zinateleza.

Mwenyekiti akafurahi sana. "Mzee, sasa kuna pampu ya kupulizia dawa. Nayo haina karatasi. Utakaa nayo kuanzia kesho."

Nikamwambia naenda kutazama kahawa yangu. Nikachukua fimbo, nikapita mlangoni, na pale sijakanyaga tena.