Mume Wangu Ndiye Anayeshika Pezi la Ubao Wangu

Admin, salamu. Ficha jina langu tu, mengine yaache kama yalivyo. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na nane, Mwislamu, mzaliwa wa hapa Gisenyi, mpakani na Goma, baba yangu ni fundi cherehani. Nimeolewa, bado sijajaliwa mtoto. Naandika kwa simu ya dada yangu, na msione nimeanza kwa utulivu, moyoni nawaka.

Kazi yangu ni kufundisha watu kutembea juu ya Ziwa Kivu kwa ubao, ule mrefu unaosimama juu yake ukapiga kasia. Mtaani wananiita Bi Ubao, nami nacheka nao, maana nikiwa majini sina shida na mtu. Chini ya ubao, upande wa nyuma, kuna mapezi kama ya samaki. Yapo madogo ya pembeni ambayo hayatoki, na lipo moja kubwa la katikati linalofungwa kwa skrubu, kila ubao na lake. Hilo kubwa ndilo linaloufanya ubao uende mbele. Likitolewa, hata uwe hodari vipi, upepo ukija unazunguka palepale kama kuku aliyefungwa kamba mguuni.

Mume wangu nimwite Hamadi. Tulikutana hapohapo kazini. Yeye ndiye aliyejenga vichanja vya kuhifadhia mbao zetu, vya mkaratusi, akavivalisha zulia kuukuu ili mbao zisikwaruzike. Kila asubuhi alinishushia ubao wangu, akalifunga pezi, akaniambia, "Nimekufungia." Kiswahili chetu mnakijua, neno hilo lina sura mbili. Mimi nilisikia moja tu, ile ya mapenzi. Wenzangu walinionea wivu kabisa.

Tulipooana, ubao wangu ukapandishwa kichanja cha juu, mahali ambapo mkono wangu haufiki, ukakazwa kwa mikanda. Pezi nalo likaanza kukaa kwenye begi lake. Alisema mapezi yanaibwa, nikaamini. Kisha nikaanza kuona. Nikichelewa kurudi kutoka kwa dada yangu Goma, kesho yake pezi limesahauliwa nyumbani. Nikicheka na mgeni wa kiume, pezi limesahauliwa. Hanigombezi! Ananiangalia kwa upole, anasema, "Chérie, leo pumzika."

Hajawahi kunipiga, hanywi, haachi sala. Nilipomlalamikia mama aliniuliza, "Bwana yako anakupiga? Analewa? Donc shida iko wapi?" Nikamwambia ananinyima pezi. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Na kweli, nani amewahi kwenda kwa imamu kushtaki pezi?

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa Goma, muuza vitenge, mwoga wa maji lakini kajitia moyo. Pezi langu siku hiyo "lilikuwa nyumbani". Nilipaswa kukataa, lakini mama wa watu alikuwa amevuka mpaka kunifuata, na ziwa lilikuwa limetulia. Nikamfungia yeye pezi lake vizuri, mimi nikaingia na yale madogo tu. Tukiwa mbali kidogo, upepo ukageuka. Akapiga magoti kwenye ubao, akaanza kusukumwa kuelekea katikati ya ziwa, anaita, "Dada, kuya! Usiniache!" Nilipiga kasia mpaka mabega yakawaka moto, na nilikuwa nazunguka tu. Wavuvi waliokuwa wanapita ndio waliomfuata wakamleta nchi kavu.

Bosi alifoka, "Mwalimu gani anaingia bila pezi?" Nikamgeukia mume wangu. Akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote, akasema, "Patron, mi namukumbushaka kila siku. Anasahauka tu." Niliona aibu kumvua nguo mume wangu hadharani. Nikasema, "Nisamehe, nilisahau."

Basi bosi akaamua kwamba sigusi maji tena mpaka Hamadi aukague ubao wangu na kutoa ruhusa. Alichokuwa ananifanyia kwa siri sasa ni sheria ya kazi, na aliyeipitisha ni mimi kwa mdomo wangu. Juzi kauleta ubao nyumbani. Kajenga kichanja chumbani, ukutani juu ya kitanda chetu, kakipiga msasa mpaka kinang'aa. "Hapa hakuna mutu ataigusa. Iko muzuri?" Nikasema iko muzuri. Nalala chini yake.

Yule mama wa Goma amenipigia kwa simu ya kazini. Anataka kurudi kujaribu tena, na anataka mimi, si mwalimu mwingine. "Nilikuona unanifuata," aliniambia, "maji ndiyo ilikukatalia." Maskini, hajui. Kesho bosi anataka jibu. Nikikubali, nitampeleka mtu majini huku uhai wake uko kwenye begi la mume wangu. Nikisema ukweli, Hamadi atafukuzwa, na mama atasema nimevunja nyumba kwa kipande cha plastiki. Nikiacha kazi, nimempa alichokuwa anakitafuta tangu mwanzo. Nimechoka jamani, nimechoka.

Hamadi naye anafuata ukurasa huu. Majuzi alinisomea kisa cha dada mmoja anayeteswa na mumewe, akasikitika kwa dhati kabisa, akasema, "Masikini. Juu ya nini hasemi?" Yaani, kwa nini amenyamaza. Ndipo nilipoamua kuwaandikia. Admin alinishauri ubao tuugeuze uwe kitu kingine ili nisitambulike. Nimekataa.

Nishaurini, ndugu zangu, kesho nikisimama mbele ya bosi niseme nini? Andikeni hapahapa chini, msiniandikie kwa siri, maana simu yangu anashinda nayo yeye. Majibu yenu atayasoma kabla yangu, na safari hii nataka ayasome.