Ujumbe wa Sauti kutoka Malta

Simu ya kaka ilinikuta Valletta, kisiwani Malta, nikiwa kwenye foleni ya aiskrimu. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi kivulini, viatu amevua, anawatazama watalii. Kaka akaniambia kutoka Tanga kwamba mama mdogo, ndugu pekee aliyembakia Mama, amefariki alfajiri na atazikwa baada ya adhuhuri. Kabla sijavuta pumzi akaongeza, "Usimwambie Mama. Mkifika kwako Toronto, watu wawepo, ndipo aambiwe."

Kwetu ndivyo ilivyo. Msafiri haambiwi msiba njiani. Anafichwa mpaka afike penye watu wa kumshika. Nilimjibu kaka kwamba yeye yuko na jamaa, mimi niko ugenini na Mama peke yetu, na uso wangu haujui kuficha kitu. Akasema nijikaze. Rahisi kusema ukiwa Tanga.

Kumleta Malta lilikuwa wazo langu. Msimu mzima wa baridi alikuwa ghorofani kwetu Flemingdon Park, Toronto, akitazama bonde la mto Don limejaa theluji na kuuliza jua la huku linalipwa kwa kazi gani. Nikamwahidi jua la kweli. Na Valletta lipo: kuta za mawe ya manjano, roshani za mbao juu ya vichochoro, na kila kichochoro kinateremka baharini. Mama alikuwa anafurahi kuliko nilivyomwona kwa miaka mingi, na mimi nilitamani aache.

Kesho yake tulikwenda Mdina, mji mkongwe ndani ya ukuta, kimya mpaka unasikia kandambili zako. Sikuona kitu cha maana. Karibu na lango palikuwa na mwanamke anayeuza vitambaa vya lesi, anavihesabu kwa lugha yao. Mama akanifinya mkono. "Umesikia? Sita, saba. Wanahesabu kama sisi!"

Akataka kumnunulia mdogo wake kitambaa. Wale wawili walifuma vitambaa vya makochi tangu usichana wao, na kila mmoja alijiona fundi kuliko mwenziwe. Akaninyanyulia viwili, cheupe na cha rangi ya maziwa, nichague mimi. Nikasema cheupe.

Pale pale akatoa simu akarekodi ujumbe wa sauti. "Mdogo wangu, huku wanahesabu sita, saba, kama sisi. Nimekununulia lesi uone wenzio wanavyofuma, siyo hivyo vyandarua vyako." Akacheka mwenyewe, akatuma.

Jioni aliniuliza mbona hajibiwi. Nikasema labda simu haina chaji. Asubuhi akaniuliza tena, nikasema mtandao. Basi akarekodi mwingine, chai mkononi: "Umenuna kwa sababu nimekwenda kutembea bila wewe? Haya, nuna. Utachoka mwenyewe." Nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia. Nilikuwa na hasira na kaka, na mila, na hata marehemu, kwa kuchagua wiki hiyo.

Siku ya kurudi, Mama alikilaza kitambaa mapajani ndani ya ndege ili kisikunjike.

Toronto tulitoka kwenye lifti, na mlangoni kwetu viatu vya kike vimejaa hadi kwenye korido. Jirani niliyemwachia ufunguo, niliyempasha habari kwa simu, alikuwa amewakusanya kina mama wa Kitanzania. Mama aliviona viatu, akasimama. Hakuna asiyejua maana yake.

"Nani?"

"Mama mdogo."

Alianguka, na wale wanawake wakamdaka kabla sijamfikia, wakamweka kwenye mkeka, wakamshika mpaka alipoweza kulia. Niseme haki: pale kwenye benchi ya Valletta nisingemweza. Kaka alikuwa na sababu.

Baada ya dua, watu wakinywa chai, aliniita nikae karibu. Mkoba alikuwa bado ameupakata.

"Lini?"

"Siku ile ya aiskrimu, Mama. Alizikwa siku hiyo hiyo."

Akazirudia siku kichwani. Kisha akasema, "Kwa hiyo ninamwambia anune mpaka achoke, yuko kaburini. Na wewe umekaa pembeni yangu."

"Ndiyo, Mama."

Akatoa simu mkobani akaniwekea mkononi. "Zifute zile sauti," akasema. "Wewe ndiye uliyeniacha nizitume."