Ukuta wa Mupishi

Juzi nilimukuta mutoto wangu wa mwisho amelala kifudifudi mulangoni na gazeti la picha, amesahau hata kwenda kuchota maji. Nikamuuliza ni habari gani hiyo inayomufungia masikio.

"Papa, ni vijana wenye nguvu mbaya. Huyu akikasirika, udongo unapasuka. Huyu musichana akilia, maji yanachemka. Watu wanawafukuza kila mahali."

Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka mudomoni. Kijana wa namna hiyo mimi namujua. Nilikuwa yeye, wakati wa Wabelgiji, kule upande wa Lac Vert, lile ziwa dogo karibu na Goma, meno yangu ya utoto hayajaisha kuanguka. Mimi sikusoma sana, na utaona ni nani aliyenikatiza masomo. Nitakueleza tu kama ninavyokumbuka.

Tuliishi juu ya mawe meusi ya volkano, mawe yanayokula viatu vya wenye viatu na nyayo za sisi wengine. Papa na mama walikuwa wamekufa. Mutu wangu duniani alikuwa tate, mama ya papa. Asubuhi nyumba yake ilinuka moshi na viazi vilivyochomwa ndani ya majivu, na ungemusikia akigombeza mbuzi kama vile ni wakwe waliomukosea. Mimi nililala mugongoni pake hata nilipokuwa mukubwa wa kuona haya.

Kila mutoto wa kule alijua sheria ya mazuku. Mazuku ni pumzi mbaya inayotoka chini ya mawe na kulala ndani ya vishimo na mabonde madogo. Haina rangi, haina harufu, na inaua. Usishuke bondeni kabla jua halijapanda. Ukilazimika kushuka, tanguliza kimwenge cha nyasi kavu. Kikizimika, rudi mbio. "Mbuzi nitanunua mwingine," tate alikuwa akisema, "wewe nitakununua wapi?"

Asubuhi moja mbuzi wa shangazi yangu alikata kamba akashuka. Mutoto wa shangazi, rika langu, akamufuata bila kimwenge, na mimi nyuma yake. Aliinama kushika kamba, hakuinuka tena. Nilimuvuta mukono, nikamuvuta, nikashindwa, nikapanda kwa mikono mpaka njiani. Mimi nilikuwa murefu kupita watoto wote wa pale, na mazuku inatuama chini kama maji. Kichwa changu kilibaki juu yake. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine. Lakini shangazi, kwa uchungu wa mutoto wake, akaanza kusema kila mahali: "Aliingia na akatoka? Basi ametoka nayo kifuani."

Sasa, jirani yetu alikuwa mupishi wa muzungu mumoja mujini Goma. Jumamosi alirudi na mifupa ya supu, mikate migumu, na magazeti ya picha ambayo watoto wa muzungu walikuwa wamechoka nayo. Muke wake aliyabandika ukutani kwa uji wa muhogo ili baridi isiingie. Ule ukuta ndio ulikuwa sinema yetu. Kifaransa hatukukijua, tulisoma kwa macho. Palikuwa na hadithi moja ya kijana mwembamba, anaishi peke yake nje ya muji. Akipuliza, ndege wanaanguka, majani yanakauka, watu wanamurushia mawe. Tuliona upande mumoja wa kila karatasi. Ule mwingine ulikuwa umelambwa na uji.

"Ni wewe huyu!" watoto wakanishangilia. "Murefu hivyo hivyo!"

Nakuambia ukweli, nilifurahi. Tangu maziko hakuna aliyecheza na mimi, na sasa walipanga mustari. "Nipulizie!" Napuliza, mutu anaanguka, anarusha miguu. "Huyu amekufa vibaya, afe tena!" Tulicheka mpaka tumbo likauma.

Kisha mutoto wa kapita, yule musimamizi wa shamba la kahawa, akashikwa na homa. Alikuwa amekufa mara nyingi kuliko wote katika muchezo wetu. Kesho yake kapita akatuita sisi wote, mupishi naye, mbele ya ule ukuta, na tate akanishika mukono kama mutu anayeshika chungu karibu na watoto. Hapo ndipo ilikuwa ikiamuliwa kama nitabaki kwake au hapana.

Katekista, yule aliyetufundisha dini, aliweka kidole juu ya picha ya yule kijana. "Wazungu hawachapi uongo. Ikiwa imechapwa, iko."

Tate akajibu: "Karatasi ina mugongo. Bandueni tuone na mugongo wake unasema nini."

"Ukuta wangu?" muke wa mupishi akaruka. "Na mvua hizi? Wewe mama, utanisimamia ukutani unizuilie upepo?"

Watu wakacheka. Tate akanigeuza, akaleta uso wake karibu kabisa na wangu. "Puliza." Nikapuliza. "Puliza kwa nguvu!" Nikapuliza huku nikilia. Akawageukia: "Niko hapa."

"Wewe umezeeka," kapita akasema, "kifo chenyewe hakikutaki."

Wakanipakia ndani ya kamiyo, lori la samaki linalorudi Vitshumbi kwa wavuvi, kwa mutu nisiyemujua, kuparua samaki. Homa ya yule mutoto iliisha kabla ya Jumapili. Hakuna aliyetumwa kunirudisha.

Wengine wanasema ilikuwa ni ujinga wa zamani. Hapana, ujinga hauna mikono. Ni shangazi aliyeanza. Ni katekista aliyeweka kidole. Ni kapita aliyelipa shofere wa ile kamiyo. Na ni mupishi aliyekaa kimya. Huyo nilimukuta hai niliporudi nikiwa mwanaume, tate akiwa amekwisha kuzikwa. Alikuwa anakumbuka. Aliniambia kwamba mugongoni mwa zile karatasi muji ulikuwa ukiungua, na yule kijana alikuja akapuliza, moto ukazimika, wakamubeba mabegani.

"Papa, uliona na hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema, kapita angeniuliza tangu lini mupishi anasoma mambo ya mabwana. Nilikuwa na kazi, mwanangu."

Ukuta ule ulianguka, nyumba ya tate imekuwa rundo la mawe, na kati ya wale waliocheza na mimi sijui hata mumoja aliko. Nimezaa, nimelea. Lakini watoto wangu wote, uji wao ukiwa moto, ni mama yao aliyewapulizia. Mimi nilishika bakuli, nikageuza uso pembeni, nikangoja upoe wenyewe.