Mtumbwi wa Turubai Kwenye Maji ya Ruvu

Mtu aliyetuletea habari kwamba baba ameliwa na mamba alikuja na ndara moja mkononi. Alikuwa mzee wa rika la baba, mvushaji watu upande wa Kwala, na ndiye wa mwisho kuonekana naye. Aliiweka ile ndara ya tairi mbele ya ndugu zangu, akafuta jasho, akasema hiyo tu ndiyo iliyopatikana. Watu wakaangua kilio. Na mimi nililia, mpaka nilipoitazama vizuri. Ilikuwa ya mguu wa kushoto, mkanda umekatika. Baba aliitupa jalalani siku niliyomnunulia mpya, nami nikiwa nimesimama pale pale. Mamba gani huyo aliyemeza ndara mpya, akatema ya jalalani?

Hitma ikasomwa, wali ukaliwa, nikarudi Kibaha kufundisha. Lakini moyoni nilikwisha kumhukumu yule mzee. Yeye na baba waligombea shamba la mpunga bondeni tangu sijazaliwa. Nilijua njia ya mwongo ni fupi, ila sikutaka kukaa nikingoja ifike mwisho. Nilitaka kujua baba amelala wapi.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa kike kutoka Ulaya, mwenye mtumbwi wa ajabu. Ulikuwa wa turubai juu ya vijiti, una nafasi mbili za kukaa, na ukiukunja unaingia kwenye magunia mawili. Kafi lake lilikuwa na bapa huku na huku. Nilimwomba aniazime mwisho wa juma. Alinifundisha kuuendesha Jumamosi mbili kwenye bwawa, nikazama mara tatu mbele ya wanafunzi wangu, wakacheka mpaka wakakaa chini. Jumamosi ya tatu nikapakia magunia yangu juu ya basi, nikateremka Mlandizi, na alfajiri ya kesho yake nikawa ufukweni.

Masika yalikuwa yamekwisha, na mto Ruvu ulikuwa umeacha maji bondeni kama kila mwaka, ziwa zima, na vile vichuguu na miinuko ambako zamani watu walijenga vibanda vya kulindia mpunga vilikuwa vimegeuka visiwa. Mzee nilimkuta akitoa maji kwenye mtumbwi wake wa gogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, umetuletea hema?"

Nikamwambia uongo niliouandaa: mwenzangu Mzungu anataka kuja kutembea visiwani na kuona ndege, nami nimekuja kwanza kujua njia. Anipeleke visiwa vyote, kile cha mwisho kabisa kikiwemo, turudi kabla ya magharibi. Aliacha kutoa maji.

"Vyote?"

"Vyote."

"Haya. Nifuate nyuma, usinipite. Viboko hawajui ualimu."

Alitangulia na gogo lake, nami nikamfuata. Kisu cha kumenyea mihogo nilikuwa nimekifunga kwenye pindo la kanga. Sijui nilidhani nitakifanyia nini. Nilichojua ni kwamba sikutaka kubaki peke yangu na mtu huyo majini bila chochote.

"Unakoroga uji, Mwalimu," aliniambia bila kugeuka. "Na hicho kisu chako kifunge vizuri, kitatoboa hema."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

Kisiwa cha kwanza kilikuwa kichuguu chenye ndege weupe. Kabla hatujafika, mzee akaacha kupiga kafi na kupaza sauti: "Hodi! Hodi hapa!" Akasubiri. Ndege wakaruka. "Hodi!" mara ya tatu, ndipo akasogea.

"Unampigia nani hodi?" nikauliza.

"Wenyewe."

"Wenyewe gani? Hakuna mtu."

"Ndiyo maana nabisha. Nyumba yenye mtu utaona moshi."

Nilijua wazee wa bondeni wana adabu zao na mizimu ya mahali. Lakini huyu alibisha kwa sauti ya mtu anayeita watu shambani waje kula. Kisiwa cha pili akabisha kwa nguvu zaidi. Cha tatu akabisha tukiwa mbali kabisa, hata kafi langu lisingesikika. Nikaanza kuhesabu jua. Lilikuwa likinipiga shavu la kulia, sasa la kushoto, kisha tena la kulia, na kisiki kimoja cha mnazi kilichokatika nikakipita mara mbili. Mtu huyu alikuwa akinizungusha.

"Mzee, hapa tumepita."

"Maji yanafanana, Mwalimu." Akapiga kafi mara tatu nne. "Hivi ni wewe uliyesoma majina siku ile ya malori?"

Swali hilo sikulitarajia. Ni kweli, nilikuwa mimi. Mwaka uliotangulia watu wa bondeni walihamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, nami nilikuwa nyumbani likizo. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu mwenye sauti, nilipewa orodha. Nikisoma jina, familia inapanda lori, na vijana wanapanda kuezua paa ili mtu asirudi. Jina la baba lilikuwa la kumi na kitu. Nililisoma kwa sauti ile ile ya darasani, sikutetereka, na nilijisifu kwa hilo. Niliamini kabisa kwamba namsogeza karibu na zahanati.

"Ni mimi," nikasema. "Kwani vipi?"

"Hakuna kitu. Nauliza tu."

Hapo ndipo niliposikia harufu ya moshi, na juu ya matete nikauona. Mzee naye aliuona. Akavuta pumzi na kupiga ukelele, "Hodi! Hodi, kuna mgeni! Hodi!" na safari hii hakuwa akiongea na mzimu wowote. Nikaacha kumfuata. Gogo lake lilikuwa zito, turubai langu jepesi kama ungo. Nikakoroga uji wangu kwa nguvu zote, nikampita, akawa ananiita nyuma, "Mwalimu, ngoja! Mwalimu!" nami nikapanda kisiwani kwa magoti, nguo zimelowa, kisu kimekwenda na maji.

Palikuwa na kibanda cha matete na sufuria jikoni. Mbele ya mlango alisimama baba. Alikuwa amekonda. Ndara mpya alikuwa amezivaa.

Nililia kwa sauti. Nikaenda kumshika mkono.

"Shikamoo baba!"

Hakuitikia. Alinivutia kigoda, akakipangusa kwa kiganja, akarudi nyuma hatua mbili na kusimama, mikono ameikutanisha mbele, vile wazee walivyosimama mbele ya maofisa.

"Karibu, Mwalimu. Wamekutuma?"

"Baba, ni mimi."

"Naona ni wewe. Orodha umekuja nayo?"

Nikamwambia sina orodha, hakuna anayejua, nimekuja kutafuta kaburi lake. Nikamwambia ile ndara iliniambia kwamba kuna uongo. Alisikiliza mpaka mwisho, na mzee naye akawa amefika ufukweni na gogo lake.

"Hutaniandika?"

"Sikuandiki, baba. Wallahi."

"Wallahi ya mdomoni kila mtu anayo. Utashika msahafu?"

"Nitashika."

Akaingia ndani akatoka nao, umefungwa kwenye kitambaa cha kijani. Nikanyoosha mkono, naye akaurudisha kifuani.

"Una udhu?"

Sikuwa nao. Nilikuwa na tope mpaka mapajani.

"Nenda nyuma kule, kwenye matete. Hatutakuona."

Nikaenda. Nilitawadha taratibu, kuliko nilivyowahi kutawadha maishani, kwa sababu nilitaka kiapo kile kisiwe na kasoro hata moja. Niliosha mikono, uso, viwiko, nikapaka maji kichwani, nikaosha miguu, na tope jipya likaipata, nikaiosha tena juu ya jiwe. Nikajifunika kanga, nikarudi.

Uwanja ulikuwa mtupu. Sufuria lilikuwa bado linachemka. Mzee mvushaji alikaa chini peke yake, na gogo lake halikuwapo ufukweni. Baba alikuwa ameondoka na msahafu wake. Nikabaki nimesimama na mikono yangu misafi.

"Sisi tuligombea shamba," mzee alisema, hanitazami. "Hatujawahi kugombea roho."

Jioni nilimrudisha yeye kwenye nafasi ya nyuma ya mtumbwi wa turubai. Hakunitania tena. Nilipofika kijijini walioniuliza niliwaambia nimeona ndege.

Miezi ikapita, na jina la baba sikulitaja ofisini wala kwa ndugu zangu. Nikampata mzee siku ya gulio Mlandizi, nikamwomba amfikishie baba ujumbe mmoja tu: sijamwandika, na sitamwandika. Gulio lililofuata nilimngoja tangu asubuhi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

Alihamisha kikapu chake kutoka mkono huu kwenda ule.

"Kauliza kama uliapa."