Ukimya wa Bi Dornhöfer

Siku Profesa Gudula Harzheim alipojua kwamba kazi ya maisha yake ilikuwa maigizo, alikuwa na uma mkononi na kipande cha keki ya plamu mdomoni. Ilikuwa Jumatano, alasiri, nyumbani kwake karibu na mto Rhein. Mgeni wake, Bi Irmtraud Dornhöfer, alikuwa amefika dakika mbili kabla ya saa tisa, akasimama nje ya mlango mpaka saa ikatimia, ndipo akabonyeza kengele. Basi hapo ungeshamjua ni mtu wa namna gani. Profesa alimjua kwa miaka thelathini na sita na bado hakumjua.

Gudula alikuwa binti wa mshona viatu wa Pirmasens. Alisomea tafsiri, akaona walimu wake wote wanachambua tafsiri zilizokwisha, kama watu wanaoonja supu bila kuingia jikoni. Yeye alitaka kujua kinachopita kichwani mwa mtafsiri wakati mkono unaandika. Alipofika miaka thelathini aliwaalika watafsiri kumi na wawili wenye uzoefu. Kila mmoja alikaa peke yake chumbani, mbele ya taipureta na kinasa sauti, akapewa barua ya Kifaransa ya mkulima mmoja wa zabibu, akaambiwa atafsiri huku akisema kwa sauti kila linalompitia kichwani.

Kanda hizo kumi na mbili zikawa ndizo maisha yake. Alizisikiliza mpaka akawa anamtambua kila mtu kwa kikohozi chake. Hakuolewa, wenye midomo chuoni walisema ameolewa na kanda. Na katika hizo, moja ilizipita zote: ya Bi Dornhöfer, mtafsiri aliyeapishwa wa mahakama ya Landau. Anapofika kwenye sentensi ambapo mkulima anamsamehe jirani yake aliyesahau kufunga lango la maji, Bi Dornhöfer ananyamaza ghafla. Sekunde kumi na tisa. Kisha anapumua, na sentensi ya Kijerumani inatoka safi kabisa. Juu ya ukimya huo Gudula alijenga hoja yake: tafsiri njema huzaliwa pale mtafsiri anapoishiwa na maneno yote. Kitabu chake kilichapwa mara nane, na wanafunzi wa vyuo vingi walifanyia mtihani sekunde hizo.

Ijumaa ile angetoa mhadhara wa kustaafu. Ndiyo sababu ya kumwalika Bi Dornhöfer kwa kahawa.

"Nimekuletea zawadi," alisema mgeni, akatoa faili la kijivu kwenye mkoba. "Nilikuwa nasafisha kabati. Unanijua, mimi karatasi situpi."

Profesa alifungua. Juu zilikuwa kurasa mbili za ile barua ya mkulima, zimepigwa chapa, na pembeni maneno ya kalamu nyekundu. Alisoma: *Hapa sitasita. Sema hapana, hapana, hili halifai. Kohoa kidogo.* Akashuka chini zaidi. *Hapa nyamaza kabisa. Hesabu hadi ishirini, polepole. Kisha pumua.*

Alikunywa kahawa, ikamuunguza, akameza hivyo hivyo.

"Hii ni nini, Bi Dornhöfer?"

"Mazoezi yangu. Siku nne nzima, mbele ya kioo. Marehemu mume wangu alikuwa ananishikia saa. Alinicheka mpaka akatokwa na machozi."

"Na tafsiri yenyewe?"

"Niliimaliza Jumapili. Miadi si ilikuwa Alhamisi?"

Profesa aliisogeza sahani ya keki kando. "Lakini ile barua ya Kifaransa uliitoa wapi? Hakuna aliyetakiwa kuiona kabla."

"Wewe ndiye uliyenitumia," alisema Bi Dornhöfer kwa upole, akafunua ukurasa wa mwisho wa faili.

Ilikuwa barua ya mwaliko. Tarehe, saa, namba ya chumba, mahali pa kuegesha gari. Na chini kabisa: kiambatisho kimoja, kurasa mbili. Katibu wa idara aliiandika kama alivyoandika barua zote za miadi, maana huku kwetu humwiti mtu bila kumpa mapema karatasi za shauri lenyewe. Ni kumkosea adabu. Juu ya neno kiambatisho kulikuwa na sahihi: G. Harzheim. Alisaini rundo zima siku hiyo bila kutazama, kichwa kikiwa kwenye vinasa sauti.

"Hukuniambia," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

"Nikuambie nini? Nimeitwa chuo kikuu, mashine inanasa kila neno, nije mikono mitupu? Mimi ni mtafsiri wa mahakama, mama, si mpiga soga wa sokoni." Kisha Bi Dornhöfer akauona uso wa mwenyeji wake, naye rangi ikampotea. "Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana ulinisifu."

Kesho yake asubuhi Profesa alimwekea Dokta Volkmar Einsiedel zile kurasa mezani. Huyu ndiye aliyekuwa anarithi kiti chake, na alipata udaktari wake kwa kuzipima sekunde zile zile. Alisoma amesimama, akasoma tena ameketi.

"Ichane," alisema.

"Volkmar."

"Ichane, Gudula, nakwambia kwa nia njema. Chapa ya tisa iko mtamboni. Jina lako, jina langu, wanafunzi wote hao. Na yule bibi ana miaka sabini na saba. Unataka kumwanika mbele ya watu?"

Hilo la mwisho lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Lakini alikuwa amewafelisha vijana wangapi kwa kunakili bila kusema? Alirudi nyumbani, akazisikiliza kanda kumi na moja zilizobaki, mchana kutwa, bila hata kula. Alipokuja kuvua vipokea sauti, pumzi ilikuwa imemrudi. Kigugumizi cha hawa wengine, matusi yao ya chini chini, kujirudi kwao, vyote vilikuwa vya kweli, angeweza kuapa. Amepoteza kanda moja. Kitabu kingechechemea, lakini kingesimama.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Kati ya wale kumi na wawili sita walikuwa hai, na wote walikuja, wakaketishwa mstari wa mbele kwa heshima, suti nyeusi, nywele nyeupe. Profesa alipiga kanda ya Bi Dornhöfer mpaka mwisho wa ukimya. Halafu, bila kuzunguka, akasoma maneno ya kalamu nyekundu.

Watu walipigwa na butwaa. Volkmar aliinamisha kichwa, hakukiinua tena.

"Bi Dornhöfer hana kosa," alisema Profesa. "Alitumiwa barua, na barua ina sahihi yangu. Mjinga wa kisa hiki ni mimi. Sura ya nne ya kitabu changu, ile ya ukimya, naifuta leo, mbele yenu. Lakini kanda kumi na moja zimebaki, na hizo nasimama nazo."

Mkono ulinyanyuka mstari wa mbele. Alikuwa Bwana Egbert Kurzhals, mzee wa miaka themanini na minne, aliyetafsiri mikataba ya reli maisha yake yote.

"Samahani, Profesa. Sijaelewa. Kwani haikuruhusiwa kujiandaa?"

Profesa alishika ukingo wa meza. "Na wewe ulipata kiambatisho?"

"Bila shaka. Kilikuja na barua."

"Ukajiandaa?"

"Wiki nzima," alisema Bwana Kurzhals, amekunja uso kidogo, kama mtu aliyeulizwa kama alioga.

Profesa aliwatazama wengine wanne, mmoja mmoja. Hakuhitaji kuuliza. Bibi wa pembeni alikuwa ameshainua mkono, na jirani yake, na wale wawili wa mwisho wakafuata, taratibu, kwa adabu, kama darasani. Hata Bi Dornhöfer aliunyoosha wake, asiachwe peke yake. Mikono sita ya kizee ilisimama hewani.

"Miaka thelathini na sita," alisema. "Nimewasikiliza kila siku. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

Wazee walitazamana. Bwana Kurzhals ndiye aliyejibu, maana ilionekana wazi kwamba lazima mmoja ajibu.

"Hukutuuliza, Profesa."