Gari Lililolala Masika

Mwaka niliomaliza chuo cha ualimu nilikaa nyumbani Voi nikingoja kupangiwa shule. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika shamba la katani, na alikuwa na gari dogo jekundu la mbio, la viti viwili, lisilo na paa, ambalo meneja mmoja Mzungu alimwachia likiwa bovu aliporudi kwao. Alilifufua polepole, Jumapili baada ya Jumapili. Lakini tumbo lake lilikuwa karibu mno na ardhi, na udongo wetu ukilowa lilikwama hata pale mlangoni. Kwa hivyo masika yakikaribia alilisukuma hadi ghala la mahindi, akalipandisha juu ya magogo, akatoa betri, akaziba ekzosi kwa kitambaa panya wasiingie, kisha akalifunika turubai.

Nyanya, mama yake baba, aliishi nasi. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Asubuhi moja ya mvua tulikuwa ghalani tukichambua maharagwe, akapapasa turubai.

"Kitanda cha nani hiki?"

"Si kitanda, nyanya. Ni gari la baba."

"Hebu nifungulie niketi."

Nilimketisha, nami nikakaa penye usukani, japo sikujua kuendesha hata kidogo. Ndani kulinukia ngozi na mafuta. Mvua ilipiga mabati mpaka dunia nzima ikawa sauti moja.

"Basi twende," akasema.

"Wapi, nyanya?"

"Taveta. Kwetu."

Alikuwa ameolewa huku Taita akiwa msichana, na tangu wazazi wake wafe hakuwahi kurudi. Nikashika usukani. Nilimwambia tumepita Mwatate. Akasema taratibu, hapo kuna kona. Nilimwambia tumefika Bura, akajifunga kanga vizuri kwa sababu ya baridi. Tulipofika Maktau akaniuliza kama naona twiga, nami nikawaona. Nilipokosa la kusema aliendelea mwenyewe: migomba, mfereji wa maji nyuma ya nyumba yao, mdogo wake akiosha miguu.

Tulisafiri hivyo karibu kila mvua iliponyesha. Siku moja baba alirudi mapema akatukuta. Nilidhani atafoka. Alisimama mlangoni akichuruzika maji, akasikiliza, kisha akaja upande wangu.

"Kama unampeleka mama yangu, angalau ukanyage klachi," alisema.

Akaanza kunifundisha gia hapo hapo juu ya magogo, injini ikiwa kimya.

Mvua zilipokatika aliliteremsha, akanifundisha tena katika barabara za shambani, safari hii likinguruma. Nilipopata leseni alinipa ufunguo, akamfunga nyanya kitambaa kichwani kwa ajili ya upepo.

Ile barabara niliijua kabla sijaipita. Baada ya Maktau mlima ulitokea mbele, upande wa kulia, kilele cheupe kikielea bila kitako.

"Umeuona?" nyanya aliuliza.

"Umejuaje?"

"Umenyamaza."

Taveta tuliulizia mpaka tukafika kwao. Mdogo wake alikuwa hai, kikongwe mwenye mgongo uliopinda. Alimshika nyanya mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, wakaketi kando ya mfereji na kutia miguu majini. Walicheka kitu ambacho sikukisikia.

Jua lilipoanza kushuka nilimwambia, "Nyanya, twende."

"Nenda, mjukuu wangu. Mimi nimefika."

Nilimbembeleza. Mdogo wake alikuwa tayari anamtandikia kitanda. Nikarudi peke yangu, kile kiti cha kushoto kikiwa na kanga yake tu, upepo ukiipeperusha.

Baba alikuwa amesimama barabarani akinisubiri.

"Mama yuko wapi?"

"Amekataa kurudi."

Alitazama chini. Nilidhani analia, kumbe anatabasamu.

"Kesho kutwa nitampelekea nguo zake," alisema.

Nyanya aliishi kule miaka kadhaa, na kila kiangazi tulikwenda kumwona.